Kigali wanasema gukora, Murang'a wanasema gũtema: je, ndio udugu?

SWALI: Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Murang'a, na kwa sasa nafanya kazi Kigali. Tangu nianze kujifunza Kinyarwanda kuna jambo haliniishi akilini. Wao husema gukora na guteka, lakini kubona na kugenda. Sisi nyumbani tunasema gũtema na gũthoma, lakini kũruga na kũgũra. K inageuka g kwa mtindo uleule! Kiswahili hakina mambo hayo. Je, Kikuyu na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, na Kiswahili ni jamaa wa mbali? Tena naona vitabuni Kikuyu kinaandikwa E51, Kinyarwanda D61 (wengine JD61) na Kiswahili G42. Herufi hizo zinatoka wapi? Mwisho, mwalimu mwenzangu hapa hunitania kwamba Kiswahili si Kibantu halisi, ni Kiarabu kilichovishwa viambishi. Nimjibu nini?

JIBU: Mwalimu, sikio lako halikukudanganya. Ulichokisikia ni kanuni yenye jina lake. Aliyeigundua ni Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Unyamwezi enzi za Wajerumani. Carl Meinhof, ambaye mwaka 1899 alikuwa ameshachapisha kitabu chake kikuu kuhusu sauti za lugha za Kibantu, aliieleza kwa wataalamu mwaka 1903 akaipa jina la mgunduzi, na hadi leo inaitwa Kanuni ya Dahl.

Taabu yangu ni hitimisho lako. Nikikubali kwamba Kikuyu na Kinyarwanda ni ndugu kwa sababu ya g hiyo, basi kwa hoja ya aina hiyohiyo nitalazimika kukubali kwamba Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu na Kikuyu ndiyo mgeni. Kisha atakuja mwingine na hoja yake ya tatu, Kikuyu na Kiswahili viwe ndugu, mgeni awe Kinyarwanda. Zote tatu zinawezekana kwa ushahidi halali, na nitakuonyesha moja baada ya nyingine.

Tuanze na g yako. Sauti za lugha ziko za aina mbili kwa upande wa koo. Weka vidole kooni utamke z kwa kuivuta, kisha s. Kwenye z koo linatetema, kwenye s limetulia. Zinazotetema tunaziita ghuna: b, d, g, z, v, m, n, r na wenzao. Zisizotetema ni p, t, k, s, f na kadhalika. Kiambishi ku- cha kitenzi-jina kinaanza na k, sauti isiyo ghuna. Silabi inayofuata nayo ikianza na sauti isiyo ghuna, zinakuwa mbili mfululizo, na Kinyarwanda na Kikuyu havizitaki zikae jirani. Ya kwanza inatiwa mtetemo, k inakuwa g. (Kwa Kikuyu g hiyo ni laini, karibu na gh ya ghali, kama unavyojua kuliko mimi.) Silabi inayofuata ikianza na sauti ghuna, hakuna cha kutenganisha, na k inabaki: kubona, kugenda, kũruga, kũgũra.

Kanuni hiyo ni hai katika lugha zote mbili, haikubaki tu kwenye maneno ya mababu. Ushahidi mzuri ni maneno ya kukopa. Kiti, kitanda na kikombe vilipoingia Kikuyu viligeuka gĩtĩ, gĩtanda na gĩkombe, lakini kibiriti kilibaki kĩbiriti kwa sababu b ni ghuna. Kinyarwanda kikafanya vilevile bila kuulizana na mtu: igitanda, igikombe, igitabo, igitambaro, lakini ikibiriti. Hata majina ya lugha yanaitii. Mnyarwanda anasema Ikinyarwanda na Ikirundi, akifika kwenye lugha hii tunayoandikia anasema Igiswahili, kwa sababu ya s. Na ninyi wenyewe ni Gĩkũyũ. Sisi wa Kiswahili tusio na kanuni tunasema Kikuyu, k mbili zimekaa jirani na hazigombani.

Ukipanda matatu kutoka Nairobi kwenda kwenu unaisoma kanuni kwenye vibao: Githunguri, Gatundu na Gatanga upande mmoja, Kiambu, Kigumo na Kangema upande wa pili. Rwanda kuna Gitarama, Gikongoro na Gikondo, halafu Kigali, Kibuye na Kibungo. Lakini nakuonya mapema, majina ya mahali ni mashahidi wakaidi. Wewe mwenyewe unaishi jirani na Kicukiro, ambayo kwa kanuni ilipaswa kuwa Gicukiro. Majina hurithiwa kutoka kwa watu tofauti na hukauka jinsi yalivyo. Tumia vitenzi kwanza, majina ya mahali baadaye.

Sasa tazama kwa karibu zaidi, maana hapa ndipo undugu wako unaanza kulegea. Kanuni hizo mbili zinafanana kwa mbali tu. Kikuyu kinagusa k peke yake. Mnaposema tũthiĩ, twende, ile t ya tũ- inabaki t ingawa th inayofuata haina mtetemo. Mnyarwanda asingeiacha. Yeye husema tugenda, lakini dukora, na t yake inageuka d kama k inavyogeuka g. Tena angalia h. Kwa Kinyarwanda h inahesabiwa miongoni mwa sauti zinazochochea kanuni, ndiyo maana ni guha, kupa, na guhinga, kulima. Kwa Kikuyu h haichochei kitu: kũhe, kũhoya, kũhanda. Kama kanuni hii ingekuwa urithi mmoja kutoka kwa mama mmoja wa karibu, tungetarajia watoto wakubaliane ni sauti zipi zinabadilika na zipi zinachochea. Hawakubaliani.

Kinachoimaliza hoja ni majirani. Ndugu wa karibu wa Kikuyu, bila ubishi, ni Kiembu, Kimeru, Kitharaka na Kikamba. Muulize rafiki yako wa Machakos anaiitaje lugha yake. Atasema Kĩkamba, k mbili wazi kabisa. Nyinyi mnasema gũthiĩ, kwenda, yeye anasema kũthi. Lugha pacha na yenu haina kanuni hai ya Dahl, na lugha ya Kigali iliyo mbali inayo. Upande wa Rwanda ni hivyohivyo. Kinyarwanda kimo katika kundi moja na Kihaya, Kinyankole na Luganda, na huko Bukoba na Mbarara watu husema okukora, hawageuzi. Kanuni inakata katikati ya familia, inachukua mtoto mmoja hapa, mwingine pale, inawaacha ndugu zao. Kirundi na Kiha wanayo, Ekegusii wanayo, Wakuria wanayo na lugha yao huiita Igikuria. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambako Dahl aliikuta, imeganda ndani ya mizizi ya maneno: Msukuma anahesabu tatu kuwa idatu, yenye d kwa sababu t ya pili haina mtetemo, lakini tano ni itano, maana n ni ghuna na haikuwa na cha kukimbia.

Ukiweka lugha hizo zote kwenye ramani, utaona ni jambo la Afrika Mashariki ya ndani: Mlima Kenya, pande za Ziwa Viktoria, Rwanda na Burundi, hadi Tabora. Kufuata ukoo haifuati. Mambo ya namna hii huenea kwa ujirani, watu wakioana, wakihamiana, wakisikilizana sokoni. Tena hayahitaji hata ujirani ili yazaliwe. Kigiriki cha kale na Sanskrit zilikuwa na kanuni ya jamaa hiyo, sauti mbili zenye pumzi zikikaribiana ya kwanza inapunguzwa pumzi, na Mjerumani Hermann Grassmann aliieleza mwaka 1863 bila kujua lolote kuhusu Unyamwezi. Kinywa cha binadamu kina tabia zake popote kilipo.

Haya, hoja ya pili, ile inayomtupa Kikuyu nje.

Kikuyu kina irabu saba. Mnaandika i, ĩ, e, a, o, ũ, u, na kila moja ina kazi yake. Kiswahili na Kinyarwanda zina tano. Lugha mame, yaani ile wanaisimu wanayoijenga upya kama chimbuko la lugha zote za Kibantu, ilikuwa na saba, kwa hiyo nyinyi mmehifadhi na hawa wawili wamepunguza. Na hawakupunguza kimyakimya. Irabu mbili za juu kabisa, kabla ya kuungana na jirani zake, ziliziharibu konsonanti zilizozitangulia. Vipasuo (sauti zinazoziba pumzi kisha kuiachia) vikawa vikwamizi (sauti zinazoipitisha kwa msuguano): b ikawa v, l ikawa z, k ikawa s au sh.

Mwalimu, jambo hili unalifundisha kila mwaka bila kuliita kwa jina lake. Pika hutoa mpishi. Linda hutoa mlinzi, penda mpenzi, lewa mlevi, gomba mgomvi, fuata mfuasi. Kwa nini k ya pika iwe sh mtu akiwa mpishi? Kwa sababu ile i ya mwisho wa mpishi ilikuwa ya juu kabisa, ikaisukuma k. Sasa sikiliza Kigali: guteka, kupika, hutoa umutetsi. Gukora, kufanya kazi, hutoa umukozi, kugura, kununua, hutoa umuguzi, guhinga hutoa umuhinzi. Ni mtambo uleule. Kisha rudi nyumbani: kũruga, kupika, hutoa mũrugi, kũgũra, kununua, hutoa mũgũri, kũrĩma, kulima, hutoa mũrĩmi, konsonanti imekaa palepale. Kwa kigezo hiki Mswahili na Mnyarwanda wamepitia mapinduzi mamoja, na Mkikuyu hakuwapo.

Nani atasema mabadiliko haya ni madogo kuliko g yako? Ni makubwa zaidi, yamebadilisha sura ya maelfu ya maneno. Hata hivyo nayo si cheti cha udugu. Thilo Schadeberg alionyesha mwaka 1995 jinsi mambo haya mawili, vikwamizi na kupungua kwa irabu kutoka saba hadi tano, yanavyokwenda pamoja katika eneo kubwa mno la lugha za Kibantu. Yamefika Kizulu, Kishona, Kichewa. Lugha zilizobaki na irabu saba, kama Kikuyu, Kikamba na Kisukuma, ziko zimetawanyika. Yalienea kama mawimbi, na mahali pengine yaliishia njiani.

Hoja ya tatu ni fupi. Mswahili anasema njiani na nyumbani. Nyinyi mnasema njĩra-inĩ na nyũmba-inĩ. Mnyarwanda anasema mu nzira, mu nzu, anaweka kiambishi mbele wala hajui -ni ya mwisho. Kwa hiyo hapa Kikuyu na Kiswahili wako pamoja, tena pamoja na Kizulu kinachosema endlini, nyumbani. Mbinu ya Kinyarwanda ndiyo ya zamani zaidi, na sisi tumebaki na kivuli chake katika upatanisho: nyumbani mwangu, nyumbani kwangu, nyumbani pangu. Zile mw-, kw- na p- ndizo viambishi vyenyewe, vimehama kutoka kwenye nomino vikabaki kwenye vivumishi.

Jozi tatu, hoja tatu, kila moja ya kweli. Basi udugu unathibitishwaje?

Jambo la kwanza ni kutofautisha kilichohifadhiwa na kilichobuniwa. Watu wawili wasiojuana wanaweza wote kuwa wametunza kitu cha babu wa mbali. Hilo halionyeshi kwamba wamelelewa nyumba moja. Chukua toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno. Kikuyu na Kinyarwanda zina toni, Kiswahili sanifu hakina, kinategemea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wengi huikimbilia hii kama hoja ya kukitenga Kiswahili. Lakini toni ilikuwako kwenye lugha mame. Kuwa nayo ni kutopoteza tu. Vivyo hivyo viambishi vya udogo: nyinyi mna ka- na tũ-, Wanyarwanda wana aka- na utu-, Kiswahili sanifu kimeviacha kikatumia ki- na vi-, ingawa ukienda Lubumbashi utasikia katoto na tutoto katika Kiswahili cha huko. Ni urithi wa kale, hausemi nani ni karibu na nani.

Kilichobuniwa pamoja ndicho chenye uzito. Na hata hapo, ubunifu mmoja hautoshi, hasa ukiwa wa aina inayoweza kutokea popote. Neno moja litakuonyesha mtego huu vizuri, nalo ni mvua. Kiswahili: mvua. Kinyarwanda: imvura. Kizulu: imvula. Kikuyu: mbura. Kisukuma: mbula. Kikamba: mbua. Tazama b kwanza: Kiswahili, Kinyarwanda na Kizulu wana v, ile kazi ya irabu ya juu, Kikuyu, Kisukuma na Kikamba wamebaki na b. Sasa tazama silabi ya mwisho. Kiswahili na Kikamba wameitupa l yote, wengine wanayo kama r au l. Kwa hiyo neno moja tu linatoa migawanyo miwili inayopingana. Na ile ya l inajirudia: njia kwa Kiswahili, nzĩa kwa Kikamba, lakini njĩra kwenu na inzira kwa Wanyarwanda. Mtu mwenye haraka angesema Wakamba ni ndugu wa Waswahili. Hapana. L ni sauti dhaifu katikati ya irabu, na lugha hizi mbili ziliipoteza kila moja kivyake.

Wanaisimu wanaposema lugha fulani ni kundi moja, wanatafuta rundo la ubunifu linalokwenda pamoja: sauti kadhaa, vipande vya sarufi, msamiati wa msingi, vyote vikielekeza mahali pamoja. Kwa mfano umoja wa nyinyi na Wakamba hauegemei jambo moja peke yake. Lugha mame ilikuwa na bantu, yaani watu. Nyinyi nyote mnasema andũ, mmedondosha b na kuigeuza t iliyofuata n kuwa d. Wameru wamedondosha b lakini wanasema antũ, wamekwenda nusu ya njia. Ukikusanya mambo kama hayo mengi, mti wa ukoo unaanza kuonekana wenyewe.

Kwa upande wa Kiswahili kazi hiyo ilifanywa kwa kina na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, waliochapisha utafiti wao mwaka 1993. Ndugu wa kuzaliwa wa Kiswahili ni Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kiilwana. Kundi lao linaitwa Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Wakitoka hapo, jamaa wanaofuata ni Wapare, na kundi la Kishambaa, Kibondei na Kizigua, na lile la Kizaramo, Kiluguru na Kigogo. Wote pamoja huitwa Kibantu cha Pwani ya Kaskazini Mashariki. Kinyarwanda kiko katika kundi la Maziwa Makuu pamoja na Kirundi, Kiha, Kihaya, Kinyankole, Kinyoro na Luganda. Kikuyu kiko katika kundi la Kenya ya Kati. Makundi hayo matatu yote yamo ndani ya Kibantu cha mashariki. Jinsi yanavyoungana kule juu bado ni uwanja wa mabishano, hata baada ya kompyuta kuingizwa kazini: mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walichapisha mti wa lugha zaidi ya 400 za Kibantu, na mjadala haukufungwa. Kwa swali lako, jibu langu ni kwamba Kikuyu, Kinyarwanda na Kiswahili ni matawi matatu ya ngazi moja, na sioni ushahidi wa kuwaweka wawili chumba kimoja na kumtoa wa tatu.

Herufi sasa. Katika mpango alioutoa mwaka 1948 na kuurekebisha baadaye, Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London aligawa lugha zote za Kibantu katika kanda 15 na kuzipa herufi, kuanzia A huko Kameruni hadi S kusini, akiziruka I, J, O na Q. Ndani ya kila kanda kuna makundi ya makumi, na ndani ya kundi kila lugha ina namba. Kikuyu ni lugha ya kwanza ya kundi la 50 katika kanda ya E, ndiyo E51. Kiembu ni E52, Kimeru E53, Kikamba E55. Mfumo huu ni kama namba ya kiwanja: unaonyesha nyumba iko mtaa gani, haukwambii nani kamzaa nani. Guthrie aligawa zaidi kwa jiografia, na ndani ya makundi madogo mara nyingi jiografia na ukoo vinalingana, ndiyo maana watu hudanganyika.

Vinapoachana, vinaachana vibaya. Kiswahili ni G42, pamoja na Kikomoro, G44, na hilo ni sawa. Lakini Kipokomo ni E71, Kigiriama E72 na Kidigo E73. Ndugu wa tumbo moja na Kiswahili, wanaoishi nao kijiji kwa kijiji kutoka Lamu hadi Vanga, wamewekwa kanda nyingine kabisa, kanda moja na Luganda, E15. Mgiriama na Mganda mtaa mmoja, Mgiriama na Mswahili mitaa tofauti! Wataalamu wa Tervuren nchini Ubelgiji, akiwamo Achille Meeussen, walilirekebisha kosa la upande wa maziwa kwa kukata vipande vya kanda za D na E na kuunda kanda mpya, wakatumia ile herufi J iliyokuwa haina mwenyewe. Ndiyo maana unaona D61 kwenye kitabu kimoja na JD61 kwenye kingine: ni Kinyarwanda kilekile, D inakumbusha alikokiweka Guthrie na J inaonyesha kilikohamishiwa. Kihaya kwa njia hiyo ni JE22, Luganda JE15, Igikuria JE43. Pwani haikupata bahati ya kurekebishwa, na Kiswahili kimebaki G42 mpaka leo. Tumia namba hizo kutafuta lugha maktabani, hasa kwa vile majina ya lugha hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Kwa ukoo usizitegemee.

Imebaki hoja ya mwalimu mwenzako. Kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu hakuna anayebisha. Sita, saba na tisa tumeazima, na tulikuwa na yetu: wazee wa pwani walisema kenda kwa tisa, neno lilelile mnalosema nyinyi, kenda, na Wanyarwanda, icyenda. Lakini msamiati wa kuazima hauhesabiwi katika kupanga lugha, kwa sababu neno linaweza kuvuka bahari kwa jahazi moja. Anachopaswa kutazama ni mtambo unaoyapokea maneno hayo, na hapa nina mfano ambao ningependa umwandikie ubaoni.

Nilisema Kiswahili kimetupa l katikati ya irabu. Haikwenda mbali. Chukua nunua, ufanye kauli ya kutendea: nunulia. Fungua, fungulia. Chukua, chukulia. Tembea, tembelea. Ile l iliyopotea mwishoni inarudi mara tu kiambishi kinapoongezwa, na mtu akiwa mnunuzi inarudi kwa sura ya z, kwa kanuni ileile ya umuguzi wa Kigali. Mtoto wa Unguja wa miaka minne anaifanya kazi hii bila kukosea, na hajawahi kusikia habari za lugha mame.

Kisha mwandikie vitenzi viwili vya Kiarabu, sahau na dharau. Katika asili yake ya Kiarabu hakuna kati ya hivi kilichowahi kuwa na l mwishoni. Vilipofika pwani vikakutana na watu ambao masikioni mwao kitenzi kinachoishia na irabu mbili kina l iliyojificha, nao wakavipa l yao: jambo likisahauliwa limesahaulika, na mtu asiyeheshimiwa amedharaulika. Muulize mwenzako l hiyo imetoka Arabuni kwa njia gani.